Wateja wangu hawataki kuapdeti Python, nifanyeje bila kugombana nao?

Swali: "Shikamoo kaka. Mimi ni binti wa hapahapa Tanga, nakaa Chumbageni. Nimetengeneza programu ya mauzo na stoo kwa lugha ya kompyuta ya Python, inatumika kwenye maduka 14 ya Ngamiani na mawili ya Muheza. Pia nina laibrari ndogo niliyoiweka wazi mtandaoni, inageuza tarakimu kuwa maneno ya Kiswahili kwa ajili ya risiti, na madevelopa wengine wanaitumia kwenye programu zao. Tatizo wengi bado wako Python 3.8 na wengine 3.7. Nataka tuhamie vesheni mpya ila kila nikiwaambia wananijibu 'mbona inafanya kazi'. Mzee mmoja wa Barabara ya 8 kaniambia nikigusa kompyuta yake tu nisirudi tena dukani kwake. Nifanyeje?"

Jibu:

Marahaba mdogo wangu. Swali lako nimelisoma mara tatu maana hilo neno la "mbona inafanya kazi" nimeambiwa miaka mingi, na nataka nianze na huyo mzee wa Barabara ya 8 kwa sababu ukimuelewa yeye umewaelewa wote 16. Huyo mzee hajakataa Python mpya, Python yenyewe wala haijui. Anachokataa ni siku mbaya. Anafungua duka saa moja asubuhi, anajua akibonyeza pale risiti inatoka, wateja wamejipanga, na jioni hesabu inakaa sawa. Wewe unakuja na kitu ambacho kikienda vizuri yeye haoni tofauti yoyote, kikienda vibaya siku nzima imemharibikia, sasa mtu mwenye akili timamu akubali kwa lipi? Kwahiyo kazi yako sio kumshawishi kwa maneno, kazi yako ni kuubeba wewe ule mzigo anaoogopa kuubeba yeye. Hilo ndilo jibu langu lote, mengine ntakayokwambia ni namna ya kulifanya.

Ntakupa yaliyonikuta mimi. Mwishoni mwa 2019 nilikuwa nasimamia programu niliyoiandika kwa Python 2 kwa kikundi kimoja cha wenye vyombo vya uvuvi, kazi yake kugawa pato la siku. Nikajua tarehe 1 Januari 2020 Python 2 inafungwa rasmi, yaani haitapewa marekebisho tena, basi nikaona niwahamishe haraka kwenda Python 3 kabla mwaka haujaisha. Nikabadilisha zile amri za print, nikajaribu mara mbili tatu nyumbani, ikafunguka vizuri, nikaenda nikawawekea. Sasa ile programu ilikuwa inagawa pato kwa mia mia ili pasiwe na chenji ya kusumbua, na kinachobaki kinaingia kwenye mfuko wa chombo. Mfano pato 875,000 watu 12, kila mmoja anapata 72,900 na mfukoni zinabaki 200. Kwenye Python 2 ukigawa namba nzima kwa namba nzima kwa alama moja ya mkwaju (/) unapata namba nzima, desimali zinatupwa, na mimi nilikuwa naitegemea tabia hiyo bila hata kukumbuka kwamba naitegemea. Kwenye Python 3 alama ileile inakupa desimali. Kwahiyo kila mtu akaandikiwa 72,916 na senti zake, na mfuko wa chombo ukawa unasoma sifuri kila siku. Hakuna ero hata moja iliyotokea, programu haikulalamika, ilikuwa inatoa jibu lingine kimya kimya. Mhazini alipoona mfuko ni sifuri siku ya nne mfululizo hakufikiria habari za vesheni, alifikiria kuna mtu anachukua. Watu waliovua pamoja miaka kibao wakaanza kutazamana vibaya kwa sababu ya mkwaju mmoja ambao ulitakiwa uwe miwili. Marekebisho yenyewe yalinichukua dakika tano. Wao wakarudi kwenye daftari na sikuweza kuwalaumu.

Ndio maana nakwambia usidharau woga wa wateja wako, kuna siku woga huo ulikuwa sahihi kabisa na mimi ndiye niliyeusababisha.

Na hii haikunikuta mimi peke yangu, ilikuta dunia nzima. Python 3.0 ilitoka Desemba 2008, na wale waliokuwa wanaitengeneza walijua inavunja mambo, waliamua hivyo makusudi ili kusafisha makosa ya zamani hasa upande wa maandishi, maana Python 2 ilikuwa inachanganya herufi na baiti na mtu akiandika jina lenye herufi ngeni programu inaweza kuanguka. Nia ilikuwa njema. Ila watu hawakuhama. Python 2.7 ikatoka 2010, ikapangiwa ifungwe 2015, ikafika 2014 ikaonekana bado watu wengi sana wako huko, tarehe ikasogezwa hadi 2020. Miaka 11 na zaidi tangu 3.0 itoke! Na ukiangalia nini hasa kiliwahamisha, sio makala za kuwaambia wahame. Kwanza yalijengwa madaraja, kulikuwa na laibrari inaitwa six, jina limetokana na mbili mara tatu, iliyokuwezesha msimbo mmoja, yaani maandishi yaleyale ya programu, ukimbie pande zote mbili. Halafu Python 3.3 mwaka 2012 ikarudisha ile herufi u ya mbele ya maandishi ambayo 3.0 ilikuwa imeifuta, haikuwa na kazi yoyote mpya, waliirudisha tu ili mtu asilazimike kugusa maelfu ya mistari kabla ya kuhama. Unaona hapo? Wenye lugha waliamua kubeba uchafu kidogo upande wao ili mtumiaji apite. Baadaye ndio laibrari kubwa zikaanza kufunga mlango, Django 2.0 ya Desemba 2017 haikuipokea tena Python 2, na kufikia hapo mtu alikuwa na njia ya kupita tayari. Daraja lilitangulia, mlango ukafungwa baadaye. Wewe unataka kufunga mlango kabla hujajenga daraja.

Sasa tugawe watu wako, maana umewachanganya kwenye swali moja na sio wamoja.

Wale madevelopa wanaotumia laibrari yako ni rahisi kuliko unavyodhani. Kwenye faili lako la pyproject.toml, lile la maelezo ya laibrari, weka requires-python kwa vesheni ya chini unayoikubali, mfano ">=3.10", ukishaweka hivyo ukitoa toleo jipya mtu mwenye 3.8 akiagiza kwa pip, ile programu ya kushushia laibrari, hapewi hilo jipya, pip yenyewe inarudi nyuma inamchukulia toleo lako la mwisho linalokubali 3.8. Hagombani na mtu, haoni ero, anaendelea na maisha yake. Utaratibu huu pip imeanza kuufuata tangu vesheni ya 9 ya mwaka 2016, kwahiyo karibu kila mtu anao. Ila hakikisha mstari huo upo kabla hujatoa toleo, ukisahau ukatoa halafu watu wa 3.8 wakalipata likawavunjikia, PyPI, lile ghala la mtandaoni la laibrari za Python, inakuruhusu kulitia alama ya kuondolewa ili pip isilichague tena yenyewe, fanya hivyo siku hiyohiyo usisubiri kesho. Na usiweke kikomo cha juu, usiseme "chini ya 3.14", utawafungia watu wanaotaka kwenda mbele ambao ndio unaowatafuta.

Lakini ngoja nikuulize kitu na unijibu moyoni mwako. Laibrari ya kugeuza 15,000 kuwa "elfu kumi na tano" inahitaji nini cha 3.10? Kama ni kwa sababu umependa ile amri mpya ya match basi nakushauri uache, andika kwa if za kawaida uendelee kuwabeba watu wa zamani mwaka mwingine, haikugharimu kitu. Achana na vesheni ya zamani pale inapokugharimu kweli, mfano vipimo vyako vya kujaribu msimbo havikimbii tena, au laibrari unayoitegemea imeshaiacha. 3.7 imefungwa tangu Juni 2023 hiyo iache bila kuogopa, 3.8 imefungwa Oktoba 2024 nayo una haki kabisa ya kuiacha, lakini haki na lazima ni vitu viwili. Ukiamua, watangazie toleo moja kabla. Na ukitaka onyo litokee lenyewe kwenye programu zao tumia aina ya onyo iitwayo FutureWarning, maana ile ya DeprecationWarning kwa kawaida Python inaificha kwa anayetumia laibrari ya mtu mwingine, utaonya na hakuna atakayesikia. Ila hakikisha onyo haliingii kwenye risiti ya mteja wa mtu tafadhali.

Sasa maduka, hapa ndipo penye kazi.

Kabla ya kuongelea Python kabisa, zunguka maduka yote 16 uangalie Windows gani iko kwenye kila kompyuta, bonyeza kitufe cha Windows na R andika winver, dakika moja. Nakwambia hivi kwa sababu nahisi najua kwa nini wengi wako 3.8. Python 3.8 ndio ya mwisho inayokubali Windows 7, kuanzia 3.9 haikai. Kwahiyo kama mzee wa Barabara ya 8 ana Windows 7, na Ngamiani hizo mashine bado zipo nyingi tu, basi unapomwambia "apdeti Python" unamwambia anunue kompyuta bila wewe mwenyewe kujua, na yeye anajua kwamba hadithi za hivi mwisho wake huwa ni hela. Windows 7 yenyewe Microsoft waliacha kuihudumia Januari 2020. Hao wa Windows 7 waweke kwenye daftari lako kundi la peke yao, ntarudi kwao.

Wenye Windows 10 na 11 fanya hivi. Usiondoe Python ya zamani. Watu wengi hawajui kwamba vesheni mbili zinakaa kwenye kompyuta moja bila kugombana, kwenye Windows ukiandika py -3.8 inakuja ile na ukiandika py -3.13 inakuja hii, basi weka programu yako kwenye folda mbili, kila moja na venv yake, yaani sehemu yake ya laibrari, na ikoni mbili, ya zamani iache palepale ilipo na jina lilelile. Halafu kwa wiki moja jioni duka likifungwa wewe au kijana wako chukua kopi ya data ya siku hiyo uipitishe kwenye programu mpya, ulinganishe jumla ya mauzo, jumla ya stoo, chenji, madeni, mpaka shilingi ya mwisho. Mimi ningefanya hivi kwa wale jamaa wa vyombo ningeuona ule mfuko wa sifuri siku ya kwanza kabla hajauona mhazini. Usiangalie kama programu inafunguka, kufunguka sio ushahidi wa kitu, angalia namba. Siku saba namba zikifanana ndio unabadilisha ikoni, na ile ya zamani unaiacha mwezi mzima ndani ya folda ili ikitokea shida mwenye duka mwenyewe aweze kurudi kwa kubonyeza mara mbili bila kukupigia simu. Muonyeshe jinsi ya kurudi KABLA hujampeleka mbele. Mtu akijua mlango wa kutokea uko wapi anakaa kwa utulivu, nimeliona hili mara nyingi sana.

Huko nyumbani kabla ya yote kimbiza vipimo vyako na python -W error, hiyo inageuza kila onyo kuwa ero kwahiyo utaona mapema vitu vitakavyofutwa. Kutoka 3.8 kwenda mbele ruka sio kubwa kama ile ya 2 kwenda 3, usiogope, ila kuna vitu vimeondoka, moduli ya distutils ya kufungashia laibrari haipo tena tangu 3.12 na 3.13 imeondoa moduli kadhaa za zamani kama cgi. Mara nyingi sio msimbo wako unaovunjika, ni laibrari fulani ya printa uliyoichukua 2019 na mwenyewe alishaiacha. Printa za risiti ndizo zitakazokutesa kuliko lugha yenyewe, jaribu printa kwanza.

Bando. Usimwambie mwenye duka adaunlodi chochote. Faili la kuinstoli Python ni kama MB 25 hadi 30, libebe kwenye flashi, na laibrari zako zote zivute ukiwa nyumbani kwa pip download halafu dukani unaziweka kwa pip install na --no-index na --find-links ukiielekeza kwenye folda ya flashi, hakuna intaneti itakayohitajika. Zivute kwa kutumia vesheni ileile ya Python utakayoiweka dukani la sivyo utafika Muheza ugundue faili haziendani, na Muheza sio karibu kiasi cha kwenda na kurudi kwa ajili ya flashi.

Tarehe nayo ina maana yake. Ukienda kule pwani wanakotengeneza vyombo utaona fundi hakalafati mashua ikiwa majini, anasubiri bamvua, maji yakitoka mbali chombo kinakaa mchangani, anafanya kazi yake kabla maji hayajarudi. Kila duka lina bamvua lake. Usiende mwisho wa mwezi, usiende kumi la mwisho la Ramadhani watu wananunua vitu vya Idi, muuza vifaa vya shule usimguse Januari, na usiende wakati mwenye duka anafunga hesabu za mwaka. Ijumaa achana nayo, ikifika mchana duka linafungwa watu waende msikitini na wewe uko katikati ya kazi. Jumanne au Jumatano asubuhi katikati ya mwezi, na ukae hapohapo dukani mpaka adhuhuri uone risiti zinatoka, usiweke ukaondoka. Watu wanasema Tanga waja leo waondoka leo lakini kwa kazi hii kaa.

Na utawaambia nini? Hapa naomba uwe mkweli. Najua mtandaoni utasoma kwamba Python 3.11 ni kasi kuliko 3.10 kwa wastani wa asilimia 25 kwenye vipimo vyao wenyewe, na ni kweli, ila programu ya duka muda mwingi inasubiri printa na diski, mwenye duka hataona hiyo kasi na ukimuahidi asipoiona umeshapoteza neno lako. Usimtishe na wadukuzi pia kama kompyuta yake haijawahi kuunganishwa intaneti, atajua unamtisha. Mwambie kilicho kweli kwake, yaani kwamba siku akitaka malipo ya simu yaingie moja kwa moja kwenye programu, au aone mauzo ya duka akiwa safarini Dar, laibrari nyingi za kufanya hivyo hazikubali tena hiyo Python yake, na mashine ikishaingia mtandaoni na Python iliyofungwa tundu likigundulika hakuna wa kuliziba. Mwambie pia kwamba ukihama leo kwa utulivu ni asubuhi moja, ukisubiri mpaka siku ilazimishe itakuwa ni siku kompyuta imekufa na mpya haikubali programu ya zamani, na siku hiyo yeye atakuwa na haraka na wewe utakuwa na haraka. Tuma kwa sauti WhatsApp, dakika moja, Kiswahili cha kawaida, jina la duka lake utaje. Waraka mrefu hawasomi.

Kitu kingine ambacho hukukiuliza, nani analipa? Kama uliwauzia mara moja tu basi kila apdeti ni bure kwako na ni usumbufu kwao, hakuna anayeifurahia. Kwa wateja wapya weka ada ndogo ya matunzo kwa mwaka, na ndani yake uandike kabisa kwamba mara moja kwa mwaka utakuja kukagua na ikibidi kuhamisha vesheni. Python siku hizi inatoa vesheni mpya kila Oktoba, kila moja inahudumiwa miaka mitano, kwahiyo sio lazima ukimbizane na kila mwaka, ukiruka mbili mbili uko salama. Hawa 16 wa mwanzo wahamishe kwa gharama yako, uichukulie kama bei ya kujifunza.

Kwenye ziara ileile ya kuhamisha vesheni usibadilishe kitu kingine chochote. Najua utatamani kuweka na rangi mpya na kitufe kipya kwa sababu umeshafika. Usifanye. Mtu akiona sura imebadilika na namba moja ikakosea atalaumu vyote, na wewe mwenyewe hutajua kosa limetoka wapi.

Wa Windows 7 sasa. Waachie tawi la 3.8, yaani toleo la programu yako linalobaki kwenye Python hiyo, usiwatenge. Waambie wazi kwamba hawatapata vitu vipya lakini hesabu ikikosea utakuja kurekebisha, na uwape tarehe ya mwisho ya mbali, mimi ningesema mwaka mmoja na nusu, wapate muda wa kutafuta mashine. Nyingine zinaweza kupokea Linux nyepesi, ijaribu kwa kuiwasha kutoka kwenye flashi bila kugusa diski, na printa ikikubali hapo umepata njia ya bure. Isipokubali usilazimishe.

Kwahiyo Jumanne ijayo nenda Barabara ya 8, usibebe laptopu. Msalimie mzee, mwambie hujaja kubadilisha chochote kwenye kompyuta, umekuja kumuomba akuruhusu uangalie ni Windows gani na umfanyie bakapu ya data zake kwenye flashi mpya ambayo utamuachia aiweke ndani kwake. Nina uhakika hana bakapu hata moja. Mwingine yeyote wa kuanza naye mchague kati ya hao 15, yule ambaye mnaelewana na duka lake halina msongamano, huyo ndio wa kwanza kuhamishwa, na mzee awe wa mwisho.